Unaisemaje Nyumbani Ukiwa Ugenini?

Kuna jibu nimelizoea kama jina langu. Nikiwa nje ya nchi, mtu akiniuliza, "Tanzania? Iko wapi hiyo?", mimi natiririka tu: Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, uko kwetu, si kwa jirani! Serengeti ni yetu. Zanzibar ni yetu, na ndiko alikozaliwa Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Halafu namalizia na ile sentensi ya sisi sote: "Kwetu ni kisiwa cha amani."

Na wala sikuwa nadanganya. Wakimbizi wa nchi jirani wamekimbilia kwetu kwa miaka mingi, na mwaka 2014 Waburundi zaidi ya 150,000, wale waliokuja mwaka 1972 na watoto wao, walipewa uraia. Tuna makabila zaidi ya 120, tunataniana hadi msibani. Mimi Mchaga, mume wangu Mgogo. Wazee walibishania mahari, kabila hata halikutajwa!

Basi Oktoba 2025 nilikuwa Amsterdam, mafunzo ya wiki mbili. Jumatano ya tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu nyumbani, maandamano yakazuka, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu wakapoteza maisha. Meseji zangu kwa mume wangu zikabaki na tiki moja. Kila nikiamka usiku, tiki moja.

Asubuhi, wakati wa chai, dada mmoja Mbrazili akaniuliza kwa upole, "Vipi huko kwenu? Familia yako iko salama?"

Unajua nilimjibu nini? "Aah, ni mambo ya uchaguzi tu. Sisi ni watu wa amani, vyombo vya habari vinakuza mambo."

Jamani! Nilisema hivyo huku sijui kama wanangu wameamkaje.

Akanitazama kidogo, akasema, "Mimi watu huniuliza habari za mpira na kanivali, wengine huniuliza habari za risasi za mitaani. Siku hizi nawajibu yote, maana yote ni ya kwetu." Akaendelea kunywa kahawa yake. Mimi chai ilinishinda.

Jioni, simu ya kawaida ikaingia. "Tuko salama, mama. Watoto wamelala. Ila yule kijana wa duka la pale kona hajarudi kwao tangu jana." Nilikaa chini sakafuni nikalia. Habari za kijana yule sitaziandika hapa, ni za familia yake. Baadaye waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema uchaguzi ule haukufikia viwango vyao. Lakini mimi usiku ule sikuwa nawaza viwango. Nilikuwa naona aibu kwa jibu langu la asubuhi.

Msomaji wangu, si unawajua wale wanandoa wa kwenye picha? Harusini wamevaa sare, wamekumbatiana, kila mtu anawatamani, kumbe nyumbani wana mwezi hawasalimiani. Kila mara nakuandikia humu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nikaifanyia nchi yangu vilevile: mgeni akija, natandika kitambaa kizuri juu ya meza iliyovunjika mguu.

Ila kuna na wale wa upande wa pili. Akifika tu ugenini, kwao hakuna jema: rushwa, foleni, umeme kukatika, basi. Wenyeji wakitikisa kichwa kwa huruma, yeye ndiyo anaongeza. Huyo hana tofauti na anayemchamba mumewe saluni ili apewe pole. Pole atapata, lakini jioni atarudi nyumba ileile.

Kesho yake nilimfuata yule dada. Nikamwambia, "Jana sikukwambia kweli. Nchi yangu ni nzuri sana, na wiki hii imeniumiza sana." Akanishika mkono, tukakaa kimya. Baada ya muda akauliza, "Lakini Kilimanjaro... kweli iko kwenu? Mimi nilijua ni Kenya." Nilicheka mpaka machozi yakarudi!

Mwezi huu jaribu kitu na mwenzako. Muulizane: mgeni akituuliza kuhusu kwetu, tutamwambia nini? Taja jema moja unalojivunia, na moja linalokuumiza. Sisi tulianza usiku ule niliorudi. Mume wangu alitaja lake la kuumiza kwanza, na tulikesha.