Kutoka Nyakabiga Hadi Bugarama: Baiskeli Ipi Imfaayo Mtu wa Kipato cha Kati?

Mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, umekaa kati ya shughuli za mjini na Chuo Kikuu cha Burundi kilichoko Mutanga. Jirani zake ni Bwiza na Jabe, na upande wa kaskazini mto Ntahangwa huteremka kutoka milimani kuelekea ziwa Tanganyika. Alfajiri, kabla jua halijavuka vilele vya mashariki, mtaa huwa umekwisha kuamka: wanafunzi wamebeba vitabu, akina mama wanakwenda sokoni, na baiskeli zinapiga kengele katikati ya wote hao.

Warundi huiita baiskeli ikinga. Katika miaka ya 2022 hadi 2024, petroli ilipokuwa adimu nchini na foleni za magari zikarefuka mbele ya vituo vya mafuta, wengi waliokuwa wameisahau baiskeli waliikumbuka upya. Lakini anayeitazama milima akiwa Nyakabiga hutambua mara moja kwamba si kila baiskeli ifaayo bondeni itafaa na mlimani. Ziwa liko kwenye kimo cha mita zipatazo 770 juu ya bahari; Bugarama, mwendo wa kiasi cha kilomita 35 kwa barabara kuu, iko juu ya mita 2,000. Katika barabara hiyo hushuka kila siku vijana waliopakia ndizi na makaa, na katika kupanda baadhi yao hujishikiza nyuma ya malori. Wapo waliopoteza maisha kwa desturi hiyo, na hakuna mzigo wa ndizi unaolingana na thamani ya roho.

Na ichukuliwe familia ya askari mmoja aishiye Nyakabiga, mwenye mke na watoto watatu, ambaye wazazi wake wako Muramvya. Siku za kazi anahitaji chombo cha kumfikisha kituoni; siku za likizo hupanda kwa gari la abiria, baiskeli ikiwa juu ya paa, kisha hushuka nayo mwenyewe. Fedha aliyoiweka akiba na mkewe yatosha kununua baiskeli moja nzuri ya mkononi, au mpya ya daraja la kawaida. Haitoshi kukosea mara mbili.

Baiskeli imfaayo mtu huyu ni ile ya mlima yenye shokapu mbele peke yake, nyuma ikiwa imara bila springi. Zenye springi mbele na nyuma hupendeza macho, lakini kwa bei ya kati springi ya nyuma huwa nzito, hulegea upesi, na haipokei keria ya mzigo vizuri. Fedha ambayo ingekwenda kwenye springi hiyo na iende kwenye breki na magurudumu.

Breki ndiyo asili ya baiskeli hizi. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, Marekani, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani, zenye breki ndani ya habu ya nyuma. Breki zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, nao wakalazimika kuijaza upya baada ya kushuka. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mmoja wa mafundi waliotokana na kundi lile, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005 na kusaidia kuanzisha timu ya waendesha baiskeli. Katika timu hiyo alitoka Adrien Niyonshuti, aliyeiwakilisha nchi yake katika mbio za baiskeli za mlima kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012.

Anayenunua na aanze na kipimo cha mwili. Asimame akiwa ameipanda fremu katikati ya miguu. Nafasi ya vidole vitatu au zaidi ibaki kati yake na bomba la juu. Kisha achunguze viungio vya fremu karibu na usukani, kwani ufa mwembamba kama unywele waweza kukatika mteremkoni. Fremu ya chuma huweza kuchomelewa na fundi wa kawaida. Ya alumini haichomelewi na kila mtu.

Cheni ipimwe kwa rula. Jozi kumi na mbili za pingili zilizo mpya hufikia sentimita 30.5, zikikaribia 30.8, cheni imekwisha, na huenda imeharibu meno ya gia pamoja nayo. Mikono ya pedali itikiswe kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zimelika. Gurudumu lizungushwe: rimu isiyumbe. Breki za diski za waya, au zile zinazobana rimu, hurekebishwa kwa urahisi. Za mafuta hubana vizuri zaidi, lakini zinahitaji fundi na vifaa vyake.

Soko kuu la Bujumbura liliungua Januari 2013, na wafanyabiashara wengi wakatawanyika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ni busara kwenda na fundi, kwa mfano wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili unaosifika kwa karakana. Stakabadhi yenye namba ya fremu ni lazima, maana askari kukutwa na mali ya wizi ni aibu mara mbili. Tena sheria isisahauliwe: mnamo Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa sehemu za katikati ya jiji. Mnunuzi na aulize mapema kwa wakuu wa mtaa njia zilizoruhusiwa.

Si busara kuimaliza akiba yote kwenye baiskeli. Sehemu ibaki kwa kofia ngumu, taa, kufuli, pampu na viatu vya breki vya akiba. Hapo ndipo shauri la mama wa nyumba lina uzito, kwa kuwa yeye hujua fedha ipi ni ya ada na ipi ni ya safari.

Na siku ya kushuka Bugarama, breki zote mbili zikamatwe kwa vipindi, si kubanwa mfululizo; zikitoa harufu ya kuungua, msafiri asimame kando zipoe. Rahisi ghali, walisema wahenga. Nyumbani Nyakabiga watoto watatu wanasikiliza kengele ya baba langoni, nao hawatauliza baiskeli ilinunuliwa kwa bei gani.