Mashua Usiiuze, Mpwa Wangu

Kwako mpwa wangu mpendwa,

 Huku Mombasa nyanya yako miguu inamsumbua, lakini ukali wake haujapungua hata kidogo. Mama yako amenipigia simu, anasema umepata mnunuzi wa ile mashua aliyokuachia marehemu babako, na kwamba pesa hizo utapangia chumba Nairobi ili uwe mchoraji hasa. Uchoraji sina neno nao. Neno langu liko kwenye mashua.

Kuna Mfaransa mmoja nataka umjue, Paul Signac, mzaliwa wa Paris, 1863. Babake alikuwa na duka la matandiko ya farasi. Mwaka 1880, kijana wa miaka 16, aliingia kwenye maonyesho ya picha akaketi kunakili picha ya mchoraji Degas. Mchoraji mwingine, Gauguin, akamtoa nje: hapa hatunakili, bwana. Mwaka huohuo akaziona picha za Monet, na uamuzi wake wa kuwa mchoraji ukawa umekwisha. Lakini mapenzi ya vyombo alikuwa nayo vilevile. Mtumbwi wake wa ujanani aliupa majina ya watu watatu aliowahusudu, Manet, Zola na Wagner, yote kwa pamoja. Mpaka anakufa alikuwa amemiliki vyombo 32. Rafiki yake Gustave Caillebotte, naye mchoraji, alikuwa akibuni mashua za mashindano mwenyewe. Hakuna aliyewaambia wachague kimoja.

Mwaka 1884 Signac alikutana na mchoraji Georges Seurat, wakaanzisha ule uchoraji wa vidoa: rangi hazikorogwi, zinawekwa safi, moja kando ya nyingine, na jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya akisimama mbali. Seurat akafa 1891, ana miaka 31 tu. Mwaka uliofuata Signac alipanda chombo chake, Olympia, akaondoka pwani ya Bretagne, akapita mifereji ya kusini mwa Ufaransa mpaka akatokea Bahari ya Kati. Akatia nanga Saint-Tropez. Siku hizi matajiri ndio wanaoegesha meli zao pale; wakati ule palikuwa kibandari cha wavuvi na tartana, mashua zenye tanga la pembetatu kwenye foromali ndefu. Wewe ungezitambua mara moja.

Itafute picha yake ya 1895, ile ya boya jekundu. Boya linaelea karibu kabisa nawe, jekundu la kuunguza macho. Nyuma yake kuta za nyumba za bandarini zimekatikakatika majini, vipande vya manjano na vya rangi ya chungwa juu ya buluu. Mimi nashikilia kwamba picha ile haichoriki na mtu aliyesimama gatini. Ni maji yanavyoonekana na aliyekaa chini, kando ya usukani, amezoea kuyatazama kwa sababu usalama wake umo humo.

Na namna yake ya kazi ndiyo inayonifanya nikuandikie. Nje alitumia penseli na rangi za maji, upesi upesi, maana chombo hakikungoji: ukiinua macho tanga limeshageuka na kivuli kimehama. Kisha karatasi hizo alirudi nazo chumbani, akajenga picha kubwa za mafuta polepole, doa kwa doa. Cha chumbani kilitegemea cha nje. Ukiwa na chumba peke yake Nairobi, utajenga kwa kitu gani?

Najua utanijibu kwamba Signac alikuwa na pesa za familia. Kweli, alikuwa nazo, hakulazimika kuuza picha ili ale. Wewe huna, na ndiyo sababu kubwa ya kuiacha mashua ilipo. Mpe nahodha unayemwamini avue nayo, na wewe fungu la chombo likununulie karatasi na rangi. Pesa ya kuuza itakwisha kabla hujajua duka la fremu liko mtaa gani.

Wala usidhani bahari ilimtenga na wenzake. Kuanzia 1908 mpaka 1934 aliongoza chama cha wasanii huru wa Paris, ambacho maonyesho yake hayakuwa na kamati ya kuchuja picha. Majira ya joto ya 1904 mchoraji Matisse alikaa Saint-Tropez karibu naye, na picha iliyotokana na siku zile Signac mwenyewe aliinunua. Mwaka 1915 akateuliwa mchoraji rasmi wa jeshi la majini. Na 1929, amekwisha kupita miaka 65, alianza kuzunguka bandari za Ufaransa, moja baada ya nyingine, safari hii kwa gari, akizichora zote kwa rangi za maji. Tajiri mmoja, Gaston Lévy, ndiye aliyeigharamia kazi hiyo. Aliimaliza 1931, akafariki Paris Agosti 1935.

Basi usitie sahihi karatasi yoyote ya huyo mnunuzi. Nakuja huko Lamu Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kabla sijafika, shuka na mabaharia ukachore wanavyopandisha tanga, na michoro usiisafishe. Nataka kuiona ilivyo. Mnunuzi mwambie angoje mpaka tuzungumze.

Mimi mjomba wako.