Jenereta Isiyotoa Stima: Nilivyochagua Vibaya, Kisha Nikajifunza

Haya basi wasomaji wangu, leo tuongee juu ya jenereta. La, si ile ya petroli ya kuwasha stima ikipotea. Hata mimi nilipoingia duka la kwanza Luthuli Avenue nikaulizia jenereta, muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kuvuta kamba. Nilipomweleza kwamba nataka ya mawimbi, ya kupima saketi, alinitazama kidogo, akasema, "Bosi, hiyo jaribu juu, orofa ya pili."

Jenereta ya mawimbi ni kifaa cha mezani kinachotoa volti inayopanda na kushuka jinsi unavyoiamuru: mara ngapi kwa sekunde, kwa kimo gani, na kwa umbo gani. Unaiingiza kwenye saketi yako, kisha unaangalia saketi inafanya nini. Oskiloskopu ni jicho. Jenereta ni mdomo unaouliza swali.

Mimi ni mtu wa programu. Vyuma nimeviingilia ukubwani, na hii ni habari ya jinsi kutojua kuchagua kulivyonigharimu pesa, bodi mbili, na karibu kunigharimu kijana mzuri ninayefanya naye kazi.

KAZI YENYEWE

Mteja wangu ana kioski cha maji. Watu wanakuja na mitungi ya lita 20, wanalipa kwa simu, valvu inafunguka, mtungi ukijaa valvu inafunga. Kihisi cha maji kinachotumika ni kile cha bei nafuu, YF-S201. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye sumaku. Maji yakipita linazunguka, na kihisi kinatoa mapigo ya umeme, takriban 450 kwa kila lita. Kwa hiyo mtungi mmoja ni mapigo 9,000. Programu yangu inahesabu mapigo, ikifika 9,000 inafunga valvu. Kazi ya mtoto, sivyo?

Mwenye kioski alinipigia simu baada ya wiki tatu. Hesabu za tangi na hesabu za pesa haziafikiani. Maji yanaisha kabla ya pesa kutimia. Nilienda na mtungi, nikajaza, nikatazama, nikajaza tena. Ulijaa hadi shingoni, lakini shingo ya mtungi si kipimo. Nikasema bila kusita kwamba kihisi ni kibovu. Nikakibadilisha. Mambo yakabaki yale yale.

Hapo ndipo nikaamua kwamba nahitaji kuondoa maji kabisa kwenye hesabu, nitume mapigo ninayoyajua mimi mwenyewe.

Unaweza kuuliza, si ungetumia Arduino? Nilijaribu. Ile amri ya tone() kwenye Arduino Uno haiwezi kushuka chini ya Hz 31. Kihisi hiki hutoa Hz 7.5 kwa kila lita moja kwa dakika, kwa hiyo bomba likitiririka polepole, lita 4 kwa dakika, ni Hz 30 tu. Tayari nimeshatoka nje ya uwezo wake. Ningeweza kuandika programu nyingine ya kutoa mapigo, lakini hapo ningekuwa napima programu yangu kwa programu yangu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kipakatalishi nacho kinaweza kutoa mawimbi kupitia tundu la spika, Audacity inafanya hivyo bure, ila tundu lile haliruhusu volti iliyotulia kupita na linaharibu umbo la mapigo ya polepole.

NIKADANGANYWA NA MHz

Pale orofa ya pili niliona mashine mbili. Moja mpya, ndogo, skrini ya rangi, na juu ya boksi imeandikwa 60 MHz. Nyingine ya mtumba, nzito kama jiko, 15 MHz, bei mara mbili. Mimi nikafanya hesabu ya mtu aliyezoea kununua tarakilishi: nambari kubwa ni bora. Nikachukua ya 60.

Tulia kidogo tuangalie hiyo 60 ina maana gani, kwa sababu wengi wananaswa hapa.

Kwanza, nambari ya boksi huwa ni ya wimbi la saini, lile laini la mviringo. Wimbi la mraba ni kitu kingine. Wimbi la mraba la MHz 10 limejengwa kwa saini ya MHz 10, ikaongezwa ya 30, ya 50, ya 70 na kuendelea, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Ukikata zile za juu, kona za mraba zinayeyuka. Ndiyo maana kitabu cha mashine yangu, kurasa za nyuma kabisa, kilisema mraba unaishia MHz 15.

Pili, mashine hizi za kisasa huchora wimbi kwa nukta. Yangu inachora nukta milioni 250 kwa sekunde. Sasa gawanya kwa milioni 60: kila duara la wimbi linapata nukta nne tu na kidogo! Kichujio cha ndani kinazilainisha zionekane kama saini, lakini usitegemee umbo lolote la ajabu kwenye kasi hiyo.

Tatu, na hili ndilo la aibu, kazi yangu ilikuwa ya Hz ngapi? Kihisi hiki kikienda kasi yake yote, lita 30 kwa dakika, ni Hz 225. Si kilohezi, si megahezi. Mia mbili ishirini na tano. Nilinunua lori la kubebea kiberiti.

Wenzetu wa zamani walikuwa na akili zaidi. Bidhaa ya kwanza ya Hewlett na Packard, walipoanza kampuni yao kwenye gereji huko Palo Alto mwaka 1939, ilikuwa jenereta ya mawimbi ya sauti, modeli 200A, bei dola 54.40. Ndani yake walitumia balbu ndogo ya kawaida kutuliza kimo cha wimbi: wimbi likikua, balbu inapata joto, ukinzani wake unapanda, wimbi linarudishwa chini. Walt Disney wakanunua nane za modeli iliyofuata, 200B, kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia ya mwaka 1940. Walikuwa na kazi ya sauti, wakanunua jenereta ya sauti. Basi.

KUTEKENYWA

Siku ya kwanza nilipoigusa ile mashine yangu mpya kwenye chuma cha tundu lake huku mkono mwingine ukiwa kwenye kasha la chuma la bodi, nilisikia vidole vikitekenywa. Nikapima kwa maltimita kati ya chuma hicho na waya wa ethi ya ukutani. Volti zaidi ya 100!

Sababu yake inajulikana. Plagi ilikuwa ya pini mbili, haina ethi, na ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa stima na upande wa saketi. Bila ethi, upande wa saketi unaelea karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, ndio maana bado naandika haya, lakini unatosha kuua ingizo la chipu nyepesi pale unapounganisha waya. Si mchezo.

Halafu nikagundua kubwa zaidi: mashine haikuwa na njia ya kutoa mapigo kwa idadi. Inaanza, inasimama, kidole changu ndicho saa. Nilichohitaji mimi ni kuiambia, "Toa mapigo 9,000, usizidishe hata moja, kisha nyamaza." Hiyo ndiyo kazi yote niliyoinunulia, na haikuweza.

BODI MBILI NA MANENO MABAYA

Jirani yangu wa karakana ni mzee fundi wa redio. Yeye ana mashine ya zamani, ndugu wa ile ya mtumba niliyoipuuza. Inatoa mapigo kwa idadi unayotaka. Akaniazima.

Nikaiweka kama nilivyozoea: kimo volti 3.3, kati yake volti 1.65, ili mapigo yaende kutoka sifuri hadi 3.3, kwa sababu maikrokontrola yangu inavumilia volti 3.3 na si zaidi. Nikaunganisha. Bodi ikafa. Nikachukua ya pili. Ikafa.

Kijana anayenilehemia bodi nikampigia simu nikiwa na hasira. Nikamwambia kazi yake ni ya ovyo, na bodi hizo mbili sitalipa. Alinyamaza, kisha akasema, "Bosi, nilizijaribu zote kabla sijakuletea. Zilikuwa sawa." Nikakata simu.

Jioni mzee akapita kuulizia mashine yake. Nikamweleza. Hakuangalia bodi hata kidogo. Aliangalia skrini ya jenereta, akaniuliza, "Kijana, umeiambia mbele yake kuna nini?"

Sikuelewa swali. Akanieleza. Ndani ya jenereta hizi, njiani kabla ya tundu la kutokea, kuna ukinzani wa omu 50. Vifaa vingi vya maabara na redio navyo vina omu 50 mlangoni. Zikikutana hizo mbili, volti inagawanywa nusu kwa nusu. Kwa hiyo mashine ya namna hii, usipoiambia vinginevyo, inadhani mbele yake kuna omu 50, na skrini inaonyesha ile nusu. Lakini mlango wa maikrokontrola una ukinzani mkubwa mno, hakuna kugawana, volti yote inafika. Skrini ilisema 3.3. Bodi ilipata 6.6.

Mashine yangu mpya ilikuwa inaandika kimo kana kwamba hakuna mzigo, ndiyo maana sikuwahi kukutana na jambo hili. Si kwamba moja ni sawa na nyingine ni kosa. Zote zinasema kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Kwenye menyu kulikuwa na sehemu ya kuchagua mzigo, omu 50 au ukinzani wa juu. Sekunde tatu za kubonyeza.

Nilimpigia kijana tena usiku ule. Nilimwomba msamaha bila kuzungukazunguka, nikamtumia pesa zake za bodi mbili kwa M-Pesa. Akacheka kidogo, akaniambia, "Sawa bosi, lakini siku nyingine pima kwanza." Kweli tupu. Oskiloskopu ilikuwa mezani, waya wake umekunjwa, na mimi sikuangalia wimbi kabla ya kuliingiza.

NA MWIZI WA MAJI?

Bodi ya tatu, volti sahihi, imepimwa. Nikaiambia jenereta: mapigo 9,000, Hz 150, yaani sawa na lita 20 kwa dakika. Dakika moja kamili. Programu yangu ikahesabu 8,700.

Nikarudia. 8,700. Nikarudia tena. 8,700 na kitu.

Mapigo 300 kwa Hz 150 ni sekunde mbili. Nini huchukua sekunde mbili, mara moja kila dakika, ndani ya programu yangu? Kutuma ripoti kwa mtandao! Msimbo wangu ulikuwa unachungulia mlango wa kihisi kwa zamu, na wakati wa kutuma ripoti haukuwa unachungulia. Mapigo yalipita kama abiria waliokosa matatu. Valvu ikawa inachelewa kufunga, na karibu theluthi mbili ya lita inatoka bure kwa kila mtungi. Ukiuza mitungi 100 kwa siku, ni zaidi ya mitungi mitatu.

Kihisi hakikuwa na kosa. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwenye kazi ninayojiita mtaalamu. Nilihamisha hesabu kwenye kaunta ya vyuma iliyo ndani ya maikrokontrola yenyewe, ambayo haijali programu inafanya nini. Mapigo 9,000 yakaingia, 9,000 yakasomwa.

KABLA HUJATOA PESA

Haya, maswali ninayojiuliza sasa, kwa mpangilio huu:

1. Kazi yangu ina masafa gani hasa, ya chini na ya juu? Andika kabla ya kwenda dukani.
2. Nahitaji umbo gani? Kama ni mraba, soma kikomo cha mraba, si cha saini.
3. Inatoa mapigo kwa idadi kamili? Kwa mtu wa programu hili ni muhimu kuliko MHz 40 za ziada.
4. Skrini inasema volti za mzigo gani, na naweza kubadilisha?
5. Plagi ina pini ya ethi inayofanya kazi?
6. Inaongozwa kwa USB au waya wa mtandao? Jaribio linalojiendesha usiku kucha ni rafiki mkubwa.
7. Usahihi wa saa yake? Makosa ya sehemu 20 kwa milioni, kwenye mapigo 540,000 ya saa nzima, ni mapigo 11 hivi. Kwangu yanatosha. Kwa mtu wa redio huenda yasitoshe, na yeye anahitaji jenereta ya aina nyingine kabisa.

Na ukiagiza kutoka nje, piga hesabu ya ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei.

Ile ya 60 MHz bado ninayo. Nimeifungua nikaivutia waya wa ethi, inanisaidia kwenye kazi ndogo ndogo. Ile ya mtumba nilirudi orofa ya pili kuinunua, wakati huu bila kubishana bei sana. Iko hapa mezani, nzito kama jiko, na juu yake nimebandika karatasi: MBELE YAKE KUNA NINI?

Hadi wakati mwingine, pimeni kwanza.