Choo Kilichotangulia Nyumba

Katika ploti nyingi za Dandora, choo kilitangulia nyumba. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi wa viwanja 6,000 upande huu wa mashariki ya Nairobi, na wengi waliogawiwa kiwanja hawakukabidhiwa nyumba. Walikabidhiwa kipande cha ardhi chenye choo na bafu, bomba la maji safi na laini ya maji taka. Vyumba wangejijengea wenyewe, kimoja leo, kingine Mungu akijalia, na kimojawapo wakipangishe ili kodi yake isaidie kuinua ukuta unaofuata. Nimekulia katika ploti ya namna hiyo, na sidhani nilikuwa nimewahi kulitafakari jambo hili hadi bakuli la choo chetu lilipopasuka.

Ni lile la kuchuchumaa, jeupe, ambalo watu wa vyumba vyote wamekuwa wakiliosha kwa zamu tangu kabla sijazaliwa. Ufa ulipoonekana tuliuziba kwa simiti, ukafunguka tena. Tangi la kufulashi lilikuwa limekufa siku nyingi, nasi tulishazoea kumwaga maji kwa ndoo, hasa yaliyobaki baada ya kufua, kwa sababu katika mtaa unaopata maji kwa mgao mtu hamwagi maji safi chooni bila roho kumsuta. Mimi niliona yote yang'olewe, tuanze upya. Mama hakutaka.

“Mwanangu,” aliniambia, “kitu kikikutumikia umri wote huu, usikitupe kabla hujakiuliza kinaumwa wapi.”

Nilinyamaza, kwa heshima zaidi kuliko kwa kukubali.

Fundi alipovunja sakafu, jibu lilikuwa chini yake. Kiungo kati ya bakuli na bomba kilikuwa kinavuja polepole, maji yakawa yanabeba udongo kidogo kidogo, mpaka bakuli likabaki limekalia uwazi. Kila aliyelikanyaga alilisukuma kuelekea ule ufa. Simiti yetu ya juu isingeweza kusaidia. Lakini bomba lenyewe, na ile kona yake iliyopinda, vilikuwa vizima. Fundi aliisafisha kona kwa uangalifu uliokaribia upole, akanieleza kwamba maji machache yanayotuama pale ndiyo yanayozuia harufu ya laini isipande ndani. Baadaye nilisoma kwamba aliyeipatia kona hiyo hataza ni Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi London, mwaka 1775. Miaka mia mbili kamili kabla ya mkopo wa Dandora. Sijui kwa nini hesabu hiyo ilinigusa. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimezoea kuyahesabu maji yaendayo tu, na haya yasiyokwenda popote ndiyo yaliyotuwezesha kulala karibu na choo chetu miaka yote hiyo.

Basi bakuli lilitolewa, bomba likabaki. Nilitaka kusema kwamba Mama alishinda, au kwamba nilishinda mimi, na kila nikilipima naona hakuna neno hapo la ushindi. Yeye aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuata laini kwa mawazo. Inatoka kwetu, inapita chini ya jirani, inakutana na nyingine, na kadiri ghorofa zinavyopanda mahali palipokuwa na vyumba vichache vya mawe, mabomba yaliyopimwa kwa watu wa wakati ule yanabeba watu wa leo. Ikiziba kwetu, uchafu humrudia jirani aliye juu yetu. Ikiziba chini, hutufikia sisi. Isipoziba popote, inaelekea kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya Ruai, na maji yake huingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, mpaka baharini karibu na Malindi. Nilikuwa nikidhani mlango wa choo ukishafungwa, jambo limebaki kati ya mtu na nafsi yake. Sina hakika tena kwamba tunacho hapa kitu kinachobaki kwa mtu mmoja.

Hata kuchagua bakuli jipya kulitukutanisha wote uani. Wapangaji walitaka la kuchuchumaa, na nawaelewa: choo cha watu wengi ni afadhali ngozi isikiguse. Mimi nilikuwa nikifikiria magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanamlazimisha kushika ukuta akiinuka. Tungeweza kuweka la kukaa. Mama aliwasikiliza wapangaji mpaka mwisho, akasema la kuchuchumaa linatosha, fundi amfungie tu chuma ukutani cha kujishikilia. Ndivyo ilivyofanyika. Chuma kiko imara, na akiulizwa husema hana shida. Lakini namfahamu, hii ni ploti aliyoijenga kwa kodi za watu hao hao, na huenda alikubali kwa ajili yao zaidi kuliko kwa ajili ya magoti yake. Bado natafuta namna ya kumuuliza ambayo haitamlazimisha kunijibu kwamba yuko sawa.