Shoga

Wapenzi wa lugha, leo sikuleta shairi. Nimeleta neno moja, ambalo nimelitamka tangu utotoni pasipo kulichunguza.

Sisi wanawake wa Tanga huitana shoga. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa na shoga yangu tuliyegawana kanga, sabuni na siri. Hata leo akinipigia simu huanza na neno hilo hilo. Kamusi hutaja urafiki huo wa wanawake, kisha huongeza maana ya pili, ya mwanamume anayebezwa kwa namna yake. Miaka yote niliyosomesha Kiswahili niliifafanua ile ya kwanza nikairuka ya pili, kana kwamba wanafunzi hawakuijua.

Mwaka jana nilimtembelea binti wa kaka yangu, New York. Ni muuguzi, na jioni moja kila juma hujitolea katika kituo cha jumuiya kilichopo Mtaa wa 13, magharibi. Kituo cha watu ambao huku kwetu hata jina la kuwaita kwa heshima hatujaafikiana. Nilifuatana naye, nakiri, shingo upande.

Kilichonilainisha kwanza ni jengo. Kabla ya kituo kuanzishwa mwaka 1983 lilikuwa shule ya sekondari ya ufundi, iliyofunza mapishi na ubaharia. Mwalimu mstaafu huisikia shule hata madawati yakishaondolewa. Humo ndimo mwandishi Larry Kramer alimohutubia Machi 1987, UKIMWI ukiwamaliza watu, na siku chache baadaye kikazaliwa kikundi cha ACT UP. Mchoraji Keith Haring alichora ukuta wa choo cha ghorofa ya pili mwaka 1989. Mwaka uliofuata alifariki kwa ugonjwa huo.

Basi nilitarajia kukuta mashujaa. Nikakuta mzee wa makamo yangu akipanga vitabu katika maktaba ambayo, nilifurahi kuambiwa, imepewa jina la mshairi, Pat Parker, pamoja na Vito Russo. Hifadhi ya nyaraka nayo ilianzishwa mwaka 1990 na Rich Wandel, mtu wa kujitolea, ili barua na picha za marehemu zisiishie jalalani. Na binti yetu alikuwa mapokezi. Huyu anamwelekeza kwenye mkutano wa wanaoacha pombe, yule anamwonyesha lifti. Akaja kijana mmoja aliyesimama mbele ya meza bila neno. Binti hakumharakisha. Alishughulika na karatasi zake hadi kijana alipopata sauti. Mimi, katika miaka thelathini na mbili darasani, sikuwahi kumngoja mwanafunzi kiasi kile.

Tukirudi kwa treni aliniuliza, "Shangazi, akija mtu wa kwetu, Kiingereza kikampotea kwa woga, nimwiteje?"

Nikaanza kumpangia: wapenzi wa jinsia moja, watu wa mahusiano ya jinsia moja.

"Hayo ya mahakamani, shangazi. Na shoga je?"

Nilinyamaza vituo viwili. Nilimkumbuka mvulana wa kidato cha pili, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kusahihisha. Wenzake walimwita kwa neno hilo kila alipopita. Siku moja walimwita mbele yangu, darasa likacheka, na mimi nikatabasamu. Kisha nikamwita pembeni nikamshauri arekebishe mwendo wake. Likizo ilipokwisha hakurejea shuleni, wala sikuuliza. Daftari lake la insha lilikaa kabatini mwangu mpaka nilipohama nyumba.

Nilimsimulia binti yote. Hakunifariji, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

"Usimwite chochote," nikamwambia hatimaye. "Mwulize jina lake. Mkaribishe kiti. Mwulize kama amekula."

Alitoa kijitabu akaandika, maana Kiswahili chake ni cha kusikia nyumbani tu. Nikachungulia: "Karibu, kaa kitako. Jina lako nani? Umesha kula?"

Nikaiomba kalamu. "Umeshakula ni neno moja," nikamwambia, nikaunganisha.