Nilitaka kuchemsha jiwe la tangi la samaki, nusura niidhuru familia ya kaka

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kila msimu wa mvua, kipindupindu kinapoanza kutajwa, huandika sentensi ileile: chemsheni maji ya kunywa. Nimeiandika mara nyingi hadi nikaanza kuamini kuwa kuchemsha ni dawa ya kila kitu. Ndiyo maana jioni moja, nyumbani kwa kaka yangu hapa Dar es Salaam, nilibandika sufuria yenye jiwe kwenye jiko la gesi, nikijiona nimefanya la maana.

Kaka ni fundi wa mitambo melini. Akisafiri, huchukua miezi kurudi. Nyumbani ameacha tangi la maji ya chumvi sebuleni, lenye mawe ya baharini, matumbawe laini na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Safari hii nilihamia kwake kumsaidia wifi, kwa kuwa anafanya kazi kwa zamu za usiku na mtoto wao wa miaka sita ana pumu.

Wiki ya tatu tuliona vitu kama maua madogo ya kahawia yamejishika kwenye mawe. Ukiyagusa, yananywea na kujificha kwenye tundu.

"Shangazi, maua yameota!" mtoto alisema kwa furaha.

Tulimtumia kaka picha. Akajibu kuwa hayo si maua bali ni wanyama, anemoni wanaoitwa aiptasia. Mara nyingi huingia nyumbani wakiwa wamejificha kwenye jiwe jipya. Wana mikono myembamba inayochoma, na hushambulia matumbawe yaliyo jirani nao. Akatuambia tusifanye lolote hadi afike bandari inayofuata. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Sisi hatukusubiri. Wifi alichukua kisu akawakwangua, na siku mbili tatu mawe yakaonekana safi. Wiki mbili baadaye, pale palipokuwa na mmoja pakawa na watano. Nilikuja kujua baadaye kwamba kipande kidogo tu cha mguu wa mnyama huyu kikibaki jiweni, huota na kuwa mnyama kamili. Kumbe kwa kukwangua tulikuwa tunapanda mbegu.

Hapo ndipo nilipotoa ushauri wangu wa kitaalamu. "Wifi, jiwe lililojaa tulitoe, tulichemshe. Hakuna kinachopona kwenye maji ya moto."

Tulilitoa jiwe kubwa, tukalitumbukiza kwenye sufuria ya pilau. Mbali na anemoni, lilikuwa na kundi la viumbe vidogo vya duara, kama vifungo vya koti. Niliwasha gesi, nikapiga picha, nikamtumia kaka kwa WhatsApp nikingoja sifa.

Bahati yetu, meli ilikuwa imekaribia bandari. Simu ililia hapohapo. Hakunisalimia. "Zima jiko! Mtoe mtoto nje, fungueni madirisha yote!"

Maji yalikuwa bado hayajaanza kutoa mvuke. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hatua tatu kutoka kwenye sufuria.

Tulipokuwa barazani, kaka alinieleza. Aiptasia hawakuwa tatizo kubwa jikoni mle. Hatari ilikuwa vile "vifungo", jamii ya zoantidi. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe hai. Wanasayansi wa Hawaii walifanikiwa kuitenga mwaka 1971. Kwa macho huwezi kujua yupi anayo na yupi hana. Moto wa jikoni hauiharibu. Ukichemsha jiwe, sumu hupanda na mvuke na watu huivuta.

Usiku ule nilisoma hadi alfajiri. Mwaka 2018, Oxfordshire nchini Uingereza, watu wa familia moja walipelekwa hospitali pamoja na askari wa zimamoto waliokwenda kuwasaidia, baada ya matumbawe ya tangi la nyumbani kusafishwa. Dalili za sumu hii hufanana na za mafua makali: homa, kikohozi, kifua kubana, maumivu ya misuli, wengine kuhisi ladha ya chuma mdomoni. Haina dawa yake maalumu. Madaktari hutibu dalili tu. Nilimwangalia mtoto amelala, bomba lake la pumu kando ya mto, nikashindwa kuendelea kusoma.

Sufuria tuliitupa. Wifi bado huniambia ninamdai pilau, yeye ananidai sufuria.

Aiptasia tuliwaondoa polepole, kaka akituelekeza kwa simu. Tulivaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho. Tulizima pampu, kisha kwa bomba la sindano tukawafunika mmoja mmoja kwa uji mzito wa chokaa maalumu ya matangi, siyo ya kupakia ukuta. Tulifanya wachache kila siku ili maji yasiharibike. Wapo pia kamba wadogo wenye mistari myekundu na konokono wa baharini wasio na kombe ambao hula aiptasia.

Lakini kwa nini waliongezeka haraka vile? Jibu lilitoka kwa mtoto. Alikuwa akiwalisha samaki kwa siri asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu baba yake alimwambia, "Nakuachia samaki wangu." Mabaki ya chakula yalikuwa karamu ya aiptasia. Hatukumgombeza. Tulimpa kijiko kidogo na saa moja ya kulisha, akawa msimamizi rasmi.

Mzazi, kama nyumbani kuna tangi la aina hii, usichemshe wala kusugua mawe yake, usiyamwagie maji ya moto, na usiingize mkono wenye kidonda. Yeyote akiugua ghafla baada ya tangi kusafishwa, toeni watu nje, wahini hospitali na mwambieni daktari kuhusu tangi hilo, kwa sababu huenda asiliwazie.

Kaka alirudi mwezi uliopita. Alipiga magoti mbele ya tangi na mwanawe, wakahesabu aiptasia waliobaki. Walikuwa wawili, nyuma ya jiwe. Mimi bado naandika watu wachemshe maji ya kunywa. Siku hizi, kabla ya kubandika kitu kingine chochote, nauliza kwanza.