Mvua Haihesabiwi kwa Mwaka

Quitunda, kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kilichojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi, kina msimu mmoja tu wa mvua. Hunyesha tangu Desemba, kaskazi ikivuma, hadi Aprili. Kusi ikishika, ardhi hukauka. Oktoba na Novemba joto hupanda, na macho ya watu huwa mawinguni. Mkulima wa huko ana miezi mitano ya kuulisha mwaka mzima.

Ndiyo maana nikishika jedwali la mvua sianzi na jumla ya mwaka. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Milimita 120 za Februari zikija kidogo kidogo kwa wiki nne, mahindi hunawiri. Zikishuka zote kwa siku mbili, maji mengi huenda zake, na mahindi yanayotoa mbelewele hukutana na wiki tatu za jua kali. Karatasini miezi hiyo miwili ni sawasawa, ghalani ni mbalimbali. Joto nalo huongeza ukali: ardhi yenye unyevu hutumia nguvu ya jua kukausha maji, lakini ardhi kavu huirudisha nguvu hiyo hewani, mmea ukazidi kupata kiu.

Mama mmoja mkulima wa pwani ile alinionyesha kipimo chake. Mvua ikishakatika, huchimba kwa jembe atazame unyevu umefika wapi. Siku ile udongo wa juu ulikuwa mweusi, umeshikamana. Chini yake, kina cha vidole viwili, mchanga ulikuwa mkavu, ukichuruzika mkononi. Hakupanda. Alisubiri mvua ya pili.

Februari 2024 ukame wa El Niño uliunguza mahindi sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Zambia, Malawi na Zimbabwe zikatangaza hali ya janga kati ya Februari na Aprili. Miezi michache kabla, El Niño ileile ilikuwa imeleta mafuriko Kenya na Somalia. Mvua ya Aprili haiwezi kuyafufua mahindi yaliyokufa Februari.

Ya binadamu nayo yana miezi yake. Palma iliposhambuliwa na waasi Machi 24, 2021, maelfu walikimbilia Quitunda. Machi ni mwezi wa kusubiri mavuno. Anayekimbia mwezi huo anaacha shambani jasho la msimu mzima, na hawezi kulima tena mpaka Desemba. Magunia ya msaada tunaweza kuyajumlisha kwa mwaka, tukaridhika na hesabu, ilhali gunia la Agosti halikumfaa aliyelala njaa Mei.

Nimejifunza kujipima hivyo hivyo. Mzazi anayemkumbuka mwanawe kwa zawadi kubwa mara moja kwa mwaka, ndugu anayejitokeza msibani tu na fedha nyingi, wote jumla yao ni nzuri. Lakini haba na haba ndiyo hujaza kibaba, na haba hiyo lazima ije wakati mzizi unaihitaji. Kabla ya kujisifia tulichotoa, tumuulize tuliyempa kilimfikia mwezi gani.